Kiswahili Hakikushindwa na Fizikia, Tumeshindwa Sisi

Katika baraza moja ya Mji wa Kale, hapa kisiwani Mombasa, si mbali na Ndia Kuu, watu wa kazi mbalimbali tuna ada ya kukutana jioni kunywa kahawa na kuzungumza. Jioni moja mazungumzo yalituangukia kwenye suala la lugha ya kufundishia. Mimi, kama ilivyo desturi ya watu wa isimu, nikakitetea Kiswahili kwa bidii. Mwenzangu mmoja, ambaye husomesha fizikia chuoni na ambaye Kimvita chake ni safi kuliko changu, alicheka, akaniambia: "Daktari, wewe hukitetea Kiswahili kwa maneno ya tungo na methali. Hebu nieleze kwa lugha hiyo hiyo jinsi molekuli zinavyozunguka katika uga wa leza kali. Ukiweza, nitasimama nawe. Ukishindwa, tuachie Kiingereza chetu."

Nilinyamaza. Wenzangu walicheka, na baadhi yao walidhani kwamba nimekosa maneno. Ukweli ni kwamba sikukosa maneno, nilikosa elimu. Sikuwa najua molekuli hufanya nini ndani ya nuru ya leza, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine yoyote. Nilipokuwa nikirudi nyumbani usiku ule nilitambua kosa ambalo wengi wetu hulifanya kila siku: jambo tusilolijua tunaisingizia lugha.

Huenda ningeyasahau hayo, lau si jambo lililotokea nyumbani juma lile lile. Binti wa dada yangu, aliyekuwa karibu kuingia kidato cha tatu, alikuja kunijulisha kwamba ameamua kuliacha somo la fizikia. Nilimwomba anieleze jambo moja tu alilojifunza katika somo hilo. Alinisomea kwa kichwa fasili ya Kiingereza, neno kwa neno, bila ya kukwama. Nikamwambia, "Vyema, mwanangu. Sasa nieleze maana yake kwa maneno yako." Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Mjomba, maana hatuulizwi. Mtihani wataka maneno yenyewe."

Wasomaji wangu walimu mtanisamehe nikisema kwamba jibu hilo liliniuma zaidi ya kicheko cha barazani. Basi niliamua kukaa chini ya mwenzangu yule wa fizikia kwa jioni kadhaa, kama mwanafunzi kwa mwalimu wake, nipate kulielewa suala aliloniulizia. Niliyojifunza nitayasimulia hapa kwa ufupi. Nawe, mpenzi msomaji, uwe hakimu: uangalie ni wapi Kiswahili kitanitupa.

Hewa tunayoivuta katika vichochoro vya Mji wa Kale, kama ilivyo hewa kwingineko, ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Molekuli ya naitrojeni ni atomu mbili zilizoshikana, mfano wa mchi wenye vichwa viwili na kiuno katikati. Michi hii haitulii hata kidogo. Huruka, hugongana, na juu ya hayo huzunguka yenyewe, kichwa kikifuata kichwa. Katika joto la kawaida, molekuli moja ya naitrojeni huzunguka kwa kadiri ya mara trilioni moja katika sekunde moja, na trilioni ni milioni mara milioni. Wala hakuna inayomfuata mwenziwe: hii imeelekea Kilindini, ile imeelekea Nyali, na nyingine imeelekea mbinguni.

Nuru nayo ni wimbi la umeme na sumaku. Popote inapopita pana uga wa umeme, yaani eneo ambamo chembe yenye chaji husukumwa au kuvutwa. Uga huo hugeuka huku na huku mamia ya trilioni ya mara katika sekunde moja. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa mawimbi yasiyo na mpango mmoja. Nuru ya leza ina nidhamu: mawimbi yake hwenda kwa hatua moja, na yaweza kufanywa yatikisike katika mstari mmoja tu.

Uga huo ukiipitia molekuli, huzisukuma elektroni zake. Elektroni husogea kwa wepesi zaidi kuufuata urefu wa mchi kuliko kuukata upana wake. Kwa hiyo kichwa kimoja hupata chaji hasi kidogo na kingine chaji chanya kidogo, na uga hupata pa kuukamatia mchi na kuuvuta ulale sambamba na mstari wake. Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa uga hugeuka kila mara, mbona mchi hauvutwi huku kisha ukarudishwa kule? Jibu ni kwamba uga unapogeuka, elektroni nazo hugeuka pamoja nao, na mvuto unabaki kuwa ule ule.

Katika nuru ya kawaida mvuto huu ni hafifu mno hata hauonekani. Jua la adhuhuri hapa kwetu pwani humwaga takriban sehemu moja ya kumi ya wati katika kila sentimita mraba. Leza za kazi hii humimina kadiri ya wati trilioni 10 katika eneo kama hilo, ingawa kwa muda mfupi ajabu: mpigo mmoja waweza kuisha kabla ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde kutimia. Nguvu ikizidishwa sana, uga huzing'oa elektroni na molekuli ikaharibika. Fundi wa kazi hii ni kama mpishi wa halua: moto ukipungua haishiki, na moto ukizidi inaungua.

Mapigo makali namna hiyo yamewezekana kwa njia iliyobuniwa mwaka 1985 na Gérard Mourou na Donna Strickland, ambao walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018. Wao huunyoosha kwanza mpigo wa nuru uwe mrefu na dhaifu, huuongeza nguvu, kisha huubana tena uwe mfupi. Mwaka 1995 wanasayansi wawili, Bretislav Friedrich na Dudley Herschbach, walionyesha kwa hesabu jinsi uga wa leza kali unavyoweza kuzipanga molekuli zielekee upande mmoja. Tangu hapo jambo hili limekuwa tawi zima la utafiti.

Sasa nafika kwenye pia. Mtoto anayecheza pia huizungushia uzi, akaitupa, na kuuvuta uzi kwa ghafla. Mkono umekwisha kazi yake na uzi umekwisha kutoka, lakini pia inaendelea kuzunguka. Mpigo mfupi wa leza ndio mvuto wa uzi. Hupita mara moja, huiachia molekuli msukumo, na molekuli huendelea kuzunguka baada ya nuru kwenda zake. Punde tu baada ya mpigo, molekuli nyingi hujikuta zimelala sambamba. Kisha, kwa kuwa kasi zao hazilingani, hutawanyika tena.

Hapo ndipo penye ajabu. Baada ya muda maalumu, bila ya kupigwa tena, molekuli zile hujipanga upya. Kwa naitrojeni, mzunguko kamili wa kutawanyika na kurudi huchukua takriban sehemu 8.4 za trilioni ya sekunde, kisha huanza tena. Kwa nini? Kwa sababu molekuli haina hiari ya kuzunguka kwa kasi yoyote itakayo. Kasi zake zina vidato kama ngazi, na kati ya kidato na kidato hapana pa kukanyaga. Wachukue watoto watatu wanaokimbia kuuzunguka uwanja wa Makadara: mmoja humaliza duru moja kwa muda fulani, wa pili duru mbili kamili kwa muda huo huo, na wa tatu duru tatu kamili. Wakiondoka pamoja watatawanyika, lakini muda huo ukitimia utawakuta wote watatu pale walipoanzia. Kasi zao zingekuwa za ovyo, huenda wasingekutana tena. Kule kukutana tena kwa molekuli ni ushahidi wa vidato vyenyewe.

Baadaye wakaja waliotaka kuizidishia pia kasi. Wako watoto wanaoichapa pia kwa ufito wenye kamba, kila ichapwapo ikaongeza mbio. Mwaka 1999 Paul Corkum na wenzake nchini Kanada walipendekeza kitu cha namna hiyo: mpigo wa leza ambao mstari wake wa mtikisiko wenyewe unazunguka, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi inayozidi, huku molekuli ikikokotwa nao. Mwaka 2000 jaribio lilifanywa kwa molekuli za klorini, nazo zilizungushwa hata zikakatika, atomu hii ikaenda huku na ile ikaenda kule. Fundo linalozishika atomu mbili lilikatwa kwa kuzungushwa tu.

Faida yake ni nini? Molekuli zikilala upande mmoja, mtafiti aweza kuzipiga picha na kuzipima umbo lake, jambo lililo gumu zikiwa zimezagaa. Aweza pia kuchunguza jinsi mmenyuko wa kikemia unavyotegemea upande ambao molekuli imeelekea. Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali peke yao. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Aleksandria, ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo mafupi ya leza kuzitazama atomu zikiachana na kuungana.

Nakomea hapo upande wa fizikia, ili nirudi kwenye fani yangu. Tufanye hesabu ya maneno. Katika maelezo hayo nimekopa molekuli, atomu, elektroni, leza, chaji, wati na majina ya gesi. Mengineyo yametoka jikoni, uwanjani na uchochoroni: mchi, pia, uzi, kidato, fundo, halua, ufito. Wanaosema kwamba kukopa ni dalili ya umaskini wanasahau kwamba Kiingereza nacho kilikopa. Atomu ni neno la Kiyunani lenye maana ya kisichokatika. Molekuli lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kidonge kidogo. Leza si neno la mtu yeyote. Ni herufi za mwanzo za maneno kadhaa zilizounganishwa katika miaka ya 1950. Hata sifuri, ambayo bila yake hapana trilioni, Wazungu waliipata kwa Waarabu, kama tulivyoipata sisi.

Neno lililonifurahisha zaidi ni uga. Katika lugha ya kawaida, uga ni uwanja ulio wazi kati ya nyumba, mahali watoto wanapochezea. Wanaistilahi walipotafuta jina la eneo ambamo nguvu ya umeme au sumaku inafanya kazi, walilichukua neno hilo, na walichagua vizuri. Mtoto wa Mombasa anayeambiwa kwamba molekuli ni pia na nuru ni uga ameshakishika kisa nusu kabla ya mwalimu kuandika mlinganyo wa kwanza ubaoni. Mabaharia wetu nao walikuwa na jina la kila upepo, kaskazi, kusi, matlai na umande, na jina la kuyumba kwa chombo ubavuni, yaani mrama. Lugha iliyoweza kuvipanga vitu hivyo kwa makini haiogopi kuzipanga molekuli.

Naijua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kupuuzwa. Wataalamu wa ulimwengu huandika kwa Kiingereza, na mwanafunzi asiyekijua atabaki nyuma. Nakubali. Sipendekezi Kiingereza kitupwe baharini. Nasema kwamba mtu huvuka daraja akiwa amekanyaga upande wake kwanza. Mwanafunzi aliyeielewa pia kwa Kiswahili atajifunza istilahi ya Kiingereza kwa siku moja. Aliyehifadhi istilahi bila ya maana ataitumia mpaka siku ya mtihani, kisha itamtoka kama maji katika pakacha.

Walimu wengi wanalijua hili, na hulitenda kwa siri. Darasa likikwama, mwalimu huchungulia mlangoni, akashusha sauti, akaeleza kwa Kiswahili. Nyuso zikichangamka, anarejea Kiingereza kana kwamba amefanya dhambi. Dhambi iko wapi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Tanzania imekuwa ikifundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali tangu miaka ya 1960. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Ni walimu wangapi wa fizikia katika kisiwa hiki wamewahi kuifunua?

Kikwazo cha kweli kipo, nacho ni chetu wenyewe. Sisi wanaisimu tunapenda kubuni maneno kuliko kuyatumia, na kila mmoja anataka lake ndilo lishinde. Mashine moja ya kuhesabia na kuandikia tumeipa majina matatu: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Lamu, akaishi Mombasa miaka mingi na kufariki mwaka 2017, hutajwa kuwa ndiye aliyetupatia runinga. Neno hilo lilishika kwa sababu watangazaji na waandishi walilitumia kila siku. Istilahi isiyotumiwa ni kama dau lililopakwa mafuta vizuri na kuachwa pwani. Litapasuka mbao lingali jipya.

Na mji huu unajua namna watu wanavyoweza kukubaliana. Ulikuwa ni mkutano uliofanyika hapa Mombasa mwaka 1928 ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kutokana na juhudi hizo ikaundwa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Wapo Wamvita ambao hawajausamehe uamuzi ule hadi leo, nami nawaelewa. Hata hivyo, uamuzi ulipatikana, na vitabu vikaandikwa. Ikiwa maafisa wa kikoloni waliweza kuketi hapa wakaafikiana kuhusu lugha isiyo yao, sisi wenye lugha twashindwa na nini?

Napendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, katika kila shule ya upili, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia waketi pamoja mara moja kwa muhula, wachague mada moja, na waiandike kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Pili, watungaji wa mitihani waulize maana, wala wasiridhike na fasili iliyokaririwa. Tatu, wanafunzi wenyewe wajaribu, kila wanapomaliza funzo la sayansi, kumsimulia mama au nyanya nyumbani walichosoma. Ukishindwa kumweleza nyanya, usiilaumu lugha ya nyanya, rudi kitabuni.

Nilipomaliza kuyaandika haya, niliyapeleka barazani, nikamsomea mwenzangu wa fizikia. Alinisahihisha mahali pawili. Pote pawili kosa lilikuwa la fizikia yangu. Hakuna hata pamoja lililokuwa la Kiswahili. Akanywa kahawa yake, akasema, "Basi Daktari, yachapishe."

Nilimweleza pia binti wa dada yangu, nikiwa na pia mkononi na uzi wake. Nilipofika penye watoto wa Makadara, alinikatiza, akanimalizia mwenyewe kwa nini molekuli lazima zikutane tena. Kisha alinyamaza, akaichukua ile pia na kuigeuzageuza. Fomu ya kuchagua masomo alikuwa ameshaijaza na kuirudisha siku tatu kabla, na fizikia haikuwamo. "Mjomba," aliniuliza, "mbona hayo hamkunieleza mapema?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nimelileta kwenu, walimu wenzangu.